Kwenye Msiba wa Mtu Nisiyemjua

Kasulu, tarehe 29 Desemba 2025. Ni miaka hamsini na tatu tangu nivuke mpaka wa Burundi pale Manyovu nikiwa na shati moja, na mwaka na miezi mitatu tangu wewe uniache.

Mama Yona,

Watoto wako wamekuja kula Krismasi. Wote. Nimewahesabu kama nilivyokuwa nikihesabu wanafunzi mstarini: kumi na tisa, katika nyumba ya vyumba vinne, na mvua hii isiyomruhusu mtu kutoka nje. Mtoto wa Dorika ameletewa tarumbeta ya plastiki. Aliyemletea simjui, na ni afadhali nisimjue. Spika wameiweka juu ya kabati la vitabu vyangu, na kila ikipigwa, kabati linatetemeka kama mtu mwenye homa. Kitabu nilichoanza tarehe ishirini na mbili, niko ukurasa wa nne.

Ungekuwepo ungesimama mlangoni na mwiko mkononi, useme, "Nendeni mkapigane kwa jirani, baba yenu anasoma." Wangetoka. Mimi nikisema maneno hayo hayo wanacheka, wanasema Babu leo amechangamka.

Lakini kelele za wajukuu ningezivumilia. Za wazazi wao ndizo zilizonishinda. Yona amevuka kutoka Burundi, amejenga kule kwenye kilima cha baba yangu, na amekuja kunichukua. Dorika anataka niende naye Kigoma mjini. Wanabishana tangu chai ya asubuhi, nami nimekaa katikati yao na kikombe changu. "Mzee anahitaji utulivu!" anapaza sauti Yona. "Utulivu gani, kule hata mtu wa kumchemshia maji hakuna!" anajibu Dorika kwa sauti ya juu zaidi. Ni utulivu wangu, Mama Yona, unaogombewa kwa makelele yote hayo. Mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza.

Tarehe ishirini na sita nikachukua mwavuli nikaondoka. Sikuwa na pa kwenda. Kando ya barabara ya Kibondo nikaona turubai, mabenchi, na wanaume wamekaa kimya mbele ya gogo linalofuka moshi. Msiba. Nikaingia. Mtu mmoja akanisalimu, "Mwakeye, mzee," akasogea, nikakaa. Basi. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Kwa miaka hamsini na tatu hilo ndilo swali la kwanza kila ninapokaa.

Nilikaa mpaka saa kumi jioni. Nikapewa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Kesho yake nikarudi, na siku iliyofuata pia. Marehemu alikuwa fundi baiskeli. Jina lake nilikuja kulijua siku ya pili. Usinihukumu. Nilikuwa nimechoka.

Siku ya tatu wakaanua tanga, na hapo ndipo nilipoingia matatani. Ndugu wa marehemu waliotoka Kibondo walidhani mimi ni mzee wa upande wa mjane, na upande wa mjane walidhani nimekuja na hao wa Kibondo. Wote wakakubaliana kwamba mzee aliyekaa siku zote tatu bila kuinua sauti ndiye afunge maneno. "Simama, mzee wetu." Ningesema ukweli. Nilisimama, kofia mkononi, na ukweli haukutoka.

Nilisema marehemu alikuwa mtu anayejua kunyamaza mwenzake akiwa amechoka. Nilisema aliweza kukaa nawe siku nzima bila kuuliza swali, na jioni ukaona kwamba mmezungumza. Nilisema ameondoka kabla sija... kabla hatujamshukuru. Mjane akalia, akasema, "Ndivyo alivyokuwa, ndivyo kabisa."

Nilikuwa nakusema wewe. Kwenye mazishi yako Yona alileta mshereheshaji na kipaza sauti. Mshereheshaji, msibani! Wasemaji wakapewa dakika mbili mbili, na mimi sikupewa hata moja, eti Mzee asichoshwe.

Dorika akanikuta hapo hapo, matope mpaka magotini. "Baba! Tumekutafuta mpaka stendi! Huyu aliyefariki ni nani wako?" Aliyejibu ni yule aliyenisogezea nafasi siku ya kwanza: "Binti, punguza sauti. Huyu ni mzee wetu." Na Dorika wako, ambaye hata siku ya ubatizo wake padri alisubiri anyamaze, akakaa kwenye benchi, akanyamaza.

Nyumbani Yona alikuwa ananisubiri amefura. "Unakaa na watu baki, Baba, na kule una ndugu zako!" Nikamwomba anitajie watatu. Akataja wawili. Wote wamekwisha kufa, na habari za vifo vyao ni mimi niliyempa.

Sikumkasirikia. Kile kilima nakikumbuka kwa vipimo: hatua mia mbili na kumi kutoka kisimani mpaka mlangoni kwa mama yangu, migomba upande wa kushoto. Zipo siku nalala nikizihesabu. Lakini waliokuwa wakinisogezea nafasi kule hawapo tena, nami sina miaka mingine hamsini na tatu ya kuanza kuzoeleka.

Kesho wanaondoka wote. Ninakuahidi nitakwenda kwa yule mjane nimweleze kwamba mume wake sikumjua. Akinifukuza, nitakuwa nimestahili. Kisha nitakuja kwako na jembe, maana mvua hizi zimeotesha majani mpaka yamefunika msalaba. Nitapalilia, halafu nitakaa. Sitakusemesha.

Lala salama, mama. Yona nimemwambia mbele ya wenzake, na nakuambia na wewe: Burundi sitarudi.