Maua ya Mama Kabla ya Saa Mbili

Mtaa wa Lingya,
Kaohsiung, Taiwan.
12 Agosti, 2024.

Mpendwa Kaka Wenlong,

Salamu nyingi, zikukute mzima huko São Paulo. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi hatujambo, ila jasho linatumaliza. Barua hii nimeifungia ndani ya kifurushi cha figili kavu kwa makusudi: ujumbe wa simu huwa unausoma mbiombio, karatasi utaisoma umekaa.

Kwanza, Mama yu hai. Naanza na hilo ili mengine uyasome kwa utulivu.

Unakumbuka tulivyomcheka kwa zile picha za maua anazotuma kila asubuhi, zenye maneno "Asubuhi njema, kunywa maji"? Kumbe wazee wote wa kijijini kwake Haitou wana ugonjwa huohuo. Ofisi ya mji ilifungua kundi la kwenye simu ili itoe tahadhari za joto na mafuriko, nao wakalijaza mayungiyungi hadi tahadhari zikafunikwa. Binti wa ofisini, Peijun, akapiga maua marufuku. Kesho yake wazee wakajitoa wote, akabaki yeye na mwenyekiti wa kijiji wakipeana tahadhari wawili tu. Nilicheka mbavu sina.

Lakini yule binti ana akili. Aliwafuata hekaluni wanakopunga upepo, akawaomba radhi, akasema, "Haya bibi zangu, babu zangu, tumeni maua mpaka simu zitapike. Ila kila mtu atume kabla ya saa mbili asubuhi. Nisipoona ua lako nakuja kugonga, hata kama umevaa nguo ya kulalia!"

Mama akamjibu, "Njoo na kifungua kinywa, basi."

Joto la siku hizi si lile la utoto wetu, Kaka. Hata usiku hakupoi. Na Mama unamjua: kiyoyozi ulichomnunulia alikifunika kitambaa, akisema feni yamtosha.

Wiki iliyopita ua lake halikuonekana. Mimi nilikuwa njiani kwenda kazini, sina habari. Peijun akamwandikia Mama kundini, "Bibi A-Gim, ua li wapi leo?" Kimya. Mzee Cai, jirani wa Mama, akaruka ukuta wa nyuma na magoti yake yale mabovu, akamkuta Mama sakafuni jikoni, ngozi inawaka, hajitambui. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu tungempoteza.

Nimeshukuru hekaluni, na bado naona haitoshi. Nilimpelekea Peijun mananasi, akakataa, ati sheria ya ofisi. Kisha akala kipande kimoja palepale. Mungu ampe maisha marefu binti yule.

Mama amerudi nyumbani, kiyoyozi kinanguruma, naye anajisifu kuwa maua yake ndiyo yaliyomwokoa. Siwezi kumbishia.

Jana alinikalisha chini. "Wenlong hajanitumia ua hata moja."

Nikamwambia, "Mama, asubuhi yetu ni usiku kwao."

"Basi atume kabla ya kulala. Asipotuma, nani wa huku atakwenda kumgongea?"

Ndiyo maana nakuandikia, Kaka. Tuma ua, hata liwe baya.

Nisalimie wifi Meiling na watoto. Mzee Cai naye anakusalimu, magoti yanapona. Mababu wakulinde mpaka tuonane.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata usipojibu,
Xiuqin