Jicho Moja la Kijani

Shoga, hebu sikia haya.

Ile praima ya bei poa, ya kupaka kwenye kope ili rangi ya macho isitoke? Nimeijaribu jicho moja tu, nilinganishe na lingine. Juu yake nikapaka ile rangi ya kijani ya marehemu dada.

Natoka chumbani, mama anakunja nguo. Akaniangalia, akaniita kwa jina la dada. La dada, shoga!

"Hilo limekaa vizuri, mwanangu. Kapake la pili."

Si unakumbuka dada alivyokuwa? Anapaka jicho moja, anakuja kumwuliza mama kwanza.

Nimekimbilia bafuni. Sabuni, mafuta, wapi! Rangi haitoki.

Mama yuko mlangoni, ananibembeleza: "Usifute. Hatukuagana."