Nakala Zilizolala Kasulu

Dada Skola,

Mwakeye, nakusalimu kwa salamu ya kwenu. Tangu tulipokuzika Busunzu nimejaribu kukuandikia mara nyingi, nikifika kwenye jina lako mkono unagoma. Leo umekubali. Basi niache niseme yote kabla haujabadili nia.

Paa la kituo chetu cha afya liling'oka. Msiba wako ulikuwa bado mbichi, mvua kubwa ikaja na upepo wakati tunahudumia kliniki ya watoto. Mabati upande wa ofisi yetu yakaondoka kama mtu amefunua sufuria. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini kenchi moja iliangukia kabati la kadi, mlango ukapasuka, na mvua ikanyesha humo ndani mpaka jioni. Kesho yake nilishika kadi ya kwanza ikabaki vidoleni kama uji. Ya pili hivyo hivyo. Kadi zote za wagonjwa wa kifua kikuu, zile tulizozijaza kwa mkono mimi na wewe, zilikuwa bonge moja la rangi ya bluu. Na nakala ulizoziweka chumba cha sindano ziliharibika pia, maana paa lilikuwa moja.

Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji, dada. Unanijua. Mimi ni mtu niliyevuka mpaka kutoka Burundi na kitenge na mtoto mgongoni, cheti changu cha shule kikabaki kwenye nyumba iliyoungua. Najua kukosa karatasi kunavyomfanya mtu aanze kujieleza upya kila mahali, na wengine wasimwamini. Wewe tu hukuniuliza cheti. Ulinipa ukurasa na kalamu, ukasema, "Nakili hii." Ulipoona mwandiko wangu ukanionyesha kiti. Siku ile nilikuwa najua Kirundi na Kifaransa cha masista, Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea maji. Ulikuwa unanielekeza kwa Kiha chenu, nami nakuitikia kwa Kirundi, tunakutana katikati.

Nikiwa pale sakafuni nikakumbuka Ijumaa zetu. Mimi nasoma kadi za waliokuja wiki hiyo, wewe unapiga taipu, karatasi mbili nyembamba na kaboni katikati. Moja inabaki kituoni, nyingine inapanda gari la dawa kwenda Kasulu, kwenye sanduku letu katika stoo ya dawa. Wenzetu walituona tunajitafutia kazi bure. Mhudumu mmoja alikuuliza mbona usiombe wilayani wakuletee kabati la chuma. Ulimjibu bila kuacha kupiga taipu kwamba kabati la chuma litakuja likipenda, lakini taipu tunayo, kaboni tunayo, na gari linakwenda Kasulu hata tusipolituma. Mimi nikakuuliza kwa nini Kasulu, mbona nakala moja iko hapa hapa. Ukasema, "Ikiwa hapa hapa, Daforoza, bado tuna kadi moja tu."

Sikuelewa vizuri. Nilielewa siku hiyo, nikiwa nimelowa.

Bwana Mganga wetu sasa ni mgeni, alifika baada yako. Ni mtu mwema na ana haraka ya kazi. Alipoona bonge lile akasema hakuna njia, wagonjwa wote wa kifua waanze upya, sindano na vidonge kama siku ya kwanza, kwa sababu hawezi kubahatisha nani amefika wapi. Sikumlaumu. Mganga asiye na kadi afanye nini? Nikamwambia habari za sanduku la Kasulu. Aliniuliza kama nimewahi kuona kadi ikitengenezwa kutoka kwenye nakala hizo. Nikasema nimeona, na nimetengeneza mwenyewe. Akanitazama, akasema, "Nenda. Nakupa mpaka gari lirudi. Mgonjwa wa kifua hawezi kungoja sana."

Kumbe ndiyo maana ulikuwa ukinisumbua! Kila tulipofika Kasulu unafungua sanduku, unataja jina lolote, nami naandika kadi nzima kwa nakala tu, halafu tukirudi tunalinganisha na kadi yenyewe. Nilidhani unanipima mimi. Mpaka ile mara tulipokuta maandishi ya wiki kadhaa yamefifia hayasomeki, kwa sababu tulitumia kaboni iliyochoka. Uliyapiga yote upya, ukasema nakala ambayo hujawahi kuisoma usiihesabu.

Nilipofika Kasulu, Bwana Salumu wa stoo ya dawa alinitambua mlangoni. Hakuwa na habari ya kifo chako. Nilipomwambia alivua kofia yake, akasoma Fatiha palepale kati ya maboksi, wewe Mkristo wa Busunzu. Kisha akanishushia sanduku kutoka rafu ya juu. "Liko kama alivyoliacha, mwanangu," alisema. "Panya nao niliwakataza." Nikafungua. Karatasi zako kavu, zimefungwa kwa uzi wiki kwa wiki. Ile herufi ya r ya taipu yetu, inayopanda juu kidogo ya wenzake, ilikuwa inanitazama kila mstari. Hapo ndipo nililia, dada. Msibani sikulia sana, watu walikuwa wengi.

Gari liliponirudisha na sanduku, tulianza kazi kwenye chumba cha uzazi, ndicho chenye paa zima. Sikufuata herufi za majina. Nilifuata ulivyonifundisha, aanze yule atakayeumia akisubiri. Bwana Mganga mwenyewe akakaa ananisomea nakala, mimi napiga taipu. Nje wagonjwa wamekaa kwenye nyasi wanangoja.

Tulipofika kwenye nakala ya Mzee Ntakije wa Gwarama, Bwana Mganga akakatiza kusoma katikati ya mstari. Unamkumbuka, yule mpole anayeitikia kila kitu "ndiyo". Nakala ilisema masikio yake yalianza kuvuma baada ya sindano, akawa hasikii vizuri, akaachishwa, apewe vidonge tu. Bwana Mganga alitoka nje. Mzee alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya sindano, mkono wa shati amekwisha kuupandisha. Tulipomuuliza mbona hakusema, alijibu kwamba alidhani masikio ni uzee, na waganga wakisema sindano basi ni sindano. Bwana Mganga akamteremshia mkono wa shati kwa mkono wake mwenyewe. Akarudi ndani, akavuta kiti, akasema, "Endelea kunipa nakala, Mama Daforoza."

Sitakudanganya kwamba yote yalirudi. Wiki zako za mwisho kitandani na wiki za msiba hazikufika Kasulu, kwa kuwa mto Malagarasi ulifurika na gari halikupita. Hizo tuliwauliza wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, kwa Kiha. Walikumbuka kwa siku za gulio na kwa palizi. Asiyekuwa na hakika tuliandika kwamba hana hakika. Wengine tuliwatafuta kwa shida, maana nakala zinasema wanakaa kilimani na sasa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya. Tuliwapata. Mama mmoja tu wa Kitanga alikuwa amerudi kwa wazazi wake, naye alikuja mwenyewe aliposikia anatafutwa.

Sasa paa limeezekwa. Ijumaa bado ni Ijumaa. Anayenisomea kadi ni Anastazia, binti wa shemeji yako, ana sauti kama yako na hasira kama yako kaboni ikichoka. Kasulu wamesema na vituo vingine vifanye hivi, na wananitaka mimi nikawaonyeshe. Mimi! Nimesema ndiyo, halafu nikaenda nyuma ya jiko nikacheka peke yangu.

Jambo la mwisho, ndilo lililoufanya mkono ukubali. Jana Mzee Ntakije alimaliza dawa. Amepimwa, kifua ni kizima. Nilipomwambia kwa sauti ya kawaida, bila kupaza, alisikia, akaniuliza yule dada aliyeandika habari za masikio yake amelala wapi. Nikamwambia Busunzu. Akasema anataka kwenda kumwamkia, yeye na mkewe.

Basi Jumapili baada ya ibada tunakuja. Nitatangulia kuwaonyesha njia. Mkewe analeta miche ya maua, nami nitabeba jembe. Nimekuahidi hili mbele ya watu wawili, kwa hiyo siwezi kurudi nyuma. Pumzika, dada yangu. Urakoze, asante sana.

Mdogo wako,
Daforoza