Yule Mama wa Ng'ambo

Nyakahanga, Karagwe
14 Juni 2023

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini macho yanaendelea vizuri baada ya upasuaji, na kwamba huko Bukoba Polikarpi anakulisha ndizi za maana, si zile za sokoni zilizochoka. Sisi huku hatujambo. Migomba ya nyuma ya nyumba imezaa mpaka tumeiwekea miti ya kuiegemeza. Ningepiga simu, lakini wewe ukishika simu unasema "haya, haya", kisha unakata. Basi Polikarpi akusomee barua hii polepole, asiruke mstari hata mmoja. Namjua kakangu!

Unakijua kile kitabu cha historia tunachoandika walimu wa Karagwe na Kyerwa pamoja na wenzetu wa Rwanda. Mimi nilipewa habari za watu waliovuka Mto Kagera mwaka 1961 wakikimbia machafuko ya Rwanda, na ndivyo nilivyomfikia bibi Mukabera wa Kituntu. Tata, yule bibi ni hazina! Ana miaka sabini na minne, shamba lake analipalilia mwenyewe, na majina ya ng'ombe wa baba yake anayataja moja moja pamoja na rangi zao. Alinipa kahawa ya kutafuna, akanikalisha mkekani, akasimulia siku tatu. Mimi niliyefundisha historia miaka ishirini nilijiona wa darasa la kwanza.

Alisema yeye na wadogo zake wawili walivushwa alfajiri na kijana mmoja wa ng'ambo mwenye mtumbwi. Mtumbwi ulikuwa mdogo, kwa hiyo mama yao alibaki kwenye mafunjo, na kijana akaahidi kumrudia. Nikaandika vizuri kabisa: kijana wa ng'ambo, yaani Mnyarwanda. Nikampelekea Theoneste, mwalimu mwenzetu wa Rwanda, nikamwambia shujaa huyu ni wa kwao, wamweke kwenye sura yao.

Kwa kawaida kila nilichoandika humsomea kwanza aliyenisimulia. Safari hii haraka ilinizidi, nikamsomea baadaye. Nilipofika kwenye neno Mnyarwanda, bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Aliniuliza hayo nimeyatoa wapi. Kwake yeye ng'ambo ni hapa hapa tulipokaa, Karagwe, na miaka sitini na miwili haijalibadilisha neno hilo mdomoni mwake. Kijana yule alikuwa Mnyambo wa huku. Mtumbwi ulipoyumba aliwaambia kwa Kinyambo wakae kama mayai.

Kalamu ilinidondoka, Tata. Nani mwingine anasema hivyo? Mimi na Polikarpi ulitubeba nyuma ya baiskeli utoto wetu wote, na kila penye mashimo ulituambia tukae kama mayai. Hapo nikaikumbuka sala yako ya jioni, inayoisha kwa kumwombea yule mama aliyebaki ng'ambo. Tulidhani unamwombea bibi yetu aliyefariki, na kwamba ng'ambo ni mbinguni. Kumbe ulikuwa na maana ya Rwanda! Kumbe ndiyo sababu uliihama nyumba ya mtoni, na samaki wa Kagera humtii tena mdomoni; ulidhani mto ulimmeza yule mama.

Sasa nami nikiri langu. Nilipoanza kitabu hiki, habari za kina Mukabera niliziweka mwisho kabisa, chini ya kichwa "Wageni", kama vile hazituhusu. Niliona historia ya nchi yetu inaishia ukingo wa mto. Na wakati huo baba yangu mzazi alikuwa ameuvuka na watoto wa watu mapajani, wala hakumwambia mtu! Najivunia wewe mpaka nashindwa kuandika vizuri. Sura ile nimeihamishia katikati ya kitabu, na Theoneste nimemwomba aturudishie shujaa wetu. Jina lako sijaliandika. Sitaliandika bila ruhusa yako.

Lakini sikuchukua karatasi kwa ajili ya hayo. Bibi alinisimulia hadi mwisho. Watu wenye silaha walikuja ukingoni, mama yake akajizamisha kwenye mafunjo, maji yakamfika shingoni. Kutoka pale alikuona ukirudi. Alikusikia ukiita mara tatu, akashindwa kuitika kwa sababu wale watu walikuwa karibu. Alikuona umekaa kwenye mtumbwi mpaka jua likawa kali. Siku ya tisa alivuka kwenye kivuko kingine, akawatafuta wanawe mpaka akawapata. Aliishi Kituntu miaka thelathini na mmoja. Nimeliona kaburi lake, liko nyuma ya migomba, limepaliliwa.

Hukumwacha, Tata. Aliwaambia watoto wake mpaka anakufa kwamba kijana wa ng'ambo alirudi.

Bibi Mukabera anataka jina la aliyewavusha kabla naye hajaondoka. Sijamtajia, nimeona umtajie mwenyewe. Daktari akikuruhusu, njoo, nitakupeleka Kituntu. Watoto wanakusalimu, na jirani anaulizia utarudi lini mnywe rubisi. Msalimie Polikarpi na mkewe.

Na kwenye sala ya leo jioni, mtaje kwa jina lake. Aliitwa Nikuze.

Mwanao akupendaye,
Verdiana