Karatasi Niliyoitia Saini kwa Ajili ya Salma

Jumamosi, baada ya Alasiri. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini fukuto limebaki ndani ya nyumba. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitamgombeza mtu asiye na kosa.

Wiki iliyopita nilikuwa mtaa wa Ndia Kuu na Salma, binti yangu wa miaka tisa, tukitafuta kitambaa. Mwanamke mmoja mwenye adabu alitusimamisha, akajitambulisha kama Bi Rehema. Alisema ana wakala wa kuwatafutia watoto kazi za matangazo: picha za nguo, za sabuni, za maziwa. "Mtoto huyu ana uso unaokaa machoni," aliniambia.

Nikiri hapa: nilifurahi kuliko Salma.

Jumatano tukaenda ofisini kwake mjini, ghorofa ya tatu. Pasafi, na ukutani picha za watoto kama ishirini. Nilikuwa nimesikia kwamba matapeli huanza kwa kuomba ada, na yeye hakuomba chochote. Basi nikatulia. Salma akapigwa picha na gauni lake la Idi, nami nimeketi pale pale. Kisha nikatia saini karatasi ya ruhusa na kuacha nakala ya cheti chake cha kuzaliwa.

Sikuisoma karatasi yote.

Mume wangu Twaha ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo kule bandari ya Kilindini, hushinda na makaratasi. Jioni ile aliisoma nakala ya karatasi niliyopewa, akiwa amesimama. "Wameandika wanaweza kutumia picha zake popote, wakati wowote, bila kukuuliza," akasema. "Uliona?"

Sikuona. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Halafu kuna jambo la Imani. Picha mojawapo ukutani ilikuwa yake, naye ni binti wa mwalimu mwenzangu katika shule ya chekechea ninayofundisha. Jana nikamuuliza mamake. Akashangaa. Hamjui Bi Rehema wala wakala wake. Alisema picha ile ilipigwa mwaka jana kwa ajili ya duka la sare, yeye mwenyewe akiwapo.

Leo asubuhi nikarudi ofisini peke yangu, nimejiandaa kwa ugomvi. Nikauliza kuhusu Imani. Bi Rehema akajibu bila kusita kwamba picha ile ni ya mpigapicha wanayefanya naye kazi, ndiye aliyelipigia duka lile picha. Nikamwomba karatasi yangu.

"Hakuna neno, mamangu," akasema. Akafungua droo, akanirudishia karatasi na nakala ya cheti. Akafuta picha za Salma kwenye kamera huku natazama, moja moja. Akatuombea heri.

Nilishuka ngazi nimechanganyikiwa kuliko nilivyopanda. Tapeli angebisha, sivyo? Au tapeli mzoefu ndiye asiyebisha? Na picha zilikuwa kwenye kamera tu, au pia kwenye kompyuta iliyokuwa mezani? Hilo nilikumbuka kuuliza nimeshafika Kibokoni, mlangoni kwangu.

Mama Imani atamuuliza mwenye duka. Twaha naye Jumatatu ataulizia kama wakala huo umesajiliwa. Ukiwa umesajiliwa, nitakuwa nimemnyima mwanangu bahati kwa woga wangu. Usipokuwa, basi nilimpeleka mwenyewe, nimemshika mkono.

Sijui niombe jibu gani.

Salma nilimwambia adhuhuri, alipotoka madrasa, kwamba picha zake zimefutwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu, akauliza kwa sauti ndogo, "Nilitoka vibaya kwenye picha?"

Mimi nilikuwa nikiwaza saini na vyeti. Yeye alidhani amekataliwa.

Nikamketisha karibu yangu, nikamweleza yote: kwamba alitoka vizuri, kwamba nilitia saini kitu ambacho sikukisoma, kwamba kosa ni langu. Akauliza, "Ukishakisoma, nitarudi?"

Nimemwambia kwamba akipatikana mtu wa kuaminika, karatasi tutaisoma sote wawili, neno kwa neno, na penye neno asilolielewa yeye, sitashika kalamu.

Akaniuliza kama naahidi. Nimeahidi.