Papai mbele ya magunia

Tunduma, Jumanne

Siku tano sikupata choo. Nikiinua gunia tumbo lilikaza hadi nikaona giza, na kuli asiyeinua huondolewa kwenye genge.

Kosa ni letu makuli. Tunakula ugali na nyama choma, maji tunayakwepa, tukiamini tumbo likilegea mzigo utakushinda.

Jana Mama Neema, muuza matunda, alinikatia papai. "Kula, baba, na maji unywe."

Sichone, mwenzangu wa genge, akacheka. "Chakula cha watoto hicho. Umeachishwa ziwa lini?"

Nikalificha. Nikalila chumbani kama mwizi, na maji juu yake.

Leo nimepata choo. Kidogo, lakini nimepata.

Sikutoka Kondoa kuja kushindwa na tumbo. Kesho nitanunua jingine, nitalila palepale kwenye magunia, Sichone akinitazama.