Firigisi ya Kikosi cha Ugavi

Jericho, Nairobi

Nyanya mpendwa,

U mzima? Twiga uliyesema nitamwona Nairobi sijamwona. Nimeona wanajeshi wazee tu.

Yule kuku uliyenipa nimletee mwanao, Mjomba Wafula, nilimpika Jumapili, alipotembelewa na wenzake wa jeshi la akiba. Walikuwa kikosi cha ugavi, wa kupeleka chakula na mafuta kwa malori. Hata baada ya kustaafu waliitwa tena, wapeleke unga kaskazini wakati wa ukame.

"Bila sisi, hao wa bunduki wangekula mchanga!" Mjomba akajigamba. "Na sheria yetu ilikuwa moja: mpishi aonje kwanza, mbele ya watu wote. Haya mpishi, onja!"

Unajua mimi nikiona wageni naangalia miguu yangu tu. Basi nikaonja firigisi. Yote.

Mjomba alikuwa ameshanyoosha mkono aichukue, kama mwenye nyumba. Mkono ukabaki hewani. "Wewe! Hiyo ni ya wanaume!"

Nikajua kesho narudishwa kwako na basi la kwanza. Lakini rafiki yake, Koplo Oduor, akapiga meza: "Wafula, si sheria ni yako mwenyewe?" Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mjomba akanipigia saluti, akachukua shingo.

Sasa nikuambie, maana umewapikia wanaume kuku tangu uolewe na hujawahi kuionja firigisi: ni ngumu kidogo, na haishindi paja. Wametuficha bure, Nyanya. Ukichinja tena, onja kwanza.

Nakukumbatia sana,
Nekesa wako